Pauni 338

Jana jioni binti yangu alikuwa anajaza ritani yake ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, 30 Juni isije ikampita na kumwachia faini ya shilingi 2,000. Nilikuwa napepeta mchele. Akaniita: "Mama, hapa kwenye 'nakubali' nibonyeze tu?"

Nikaweka ungo chini. Miaka yote hii, na bado neno lile hunishtua.

Kule Leicester, Uingereza, nilikofanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mwenzangu wa zamu ndiye aliyenionyesha tangazo la kampuni moja simuni: ukifua sare ya kazi mwenyewe, kuna kodi unarudishiwa. Ni kweli, haki hiyo ipo, na mtu aweza kuiomba HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, mwenyewe bila kulipa hata peni moja. Hilo sikulijua. Nilijaza jina, nikasaini kwa kidole juu ya kioo, huku kengele ya chumba cha mgonjwa inalia. Kampuni ikakata chake, mimi nikapata pauni chache, nikasahau.

Nikarudi Lamu Oktoba 2021. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili, kwa hiyo niliuacha katikati. Mshahara wangu wa miezi ile haukufika pauni 12,570 ambazo hazitozwi kodi, na mwajiri alikuwa amekata kila mwezi kana kwamba ningemaliza mwaka. Nikajaza kwa mkono wangu fomu ya P85, ya anayehama Uingereza, HMRC wakanirudishia pauni 704. Zikaezeka upya makuti ya jikoni kwa mama, kule juu.

Ndipo ikaja barua pepe ya kampuni ile. Nadaiwa pauni 338: asilimia 40 ya zile 704, na VAT yao juu yake. Nilipe ndani ya siku 14, la sivyo faili langu linakwenda kwa wakusanya madeni.

Nilikosea kuitaja mbele ya mama.

Alikuwa amekaa msanani anasuka ukili. Mkono ukamsimama.

"Deni? Deni la nani?"

"Langu, wasema wao."

"Ulikopa lini?"

"Sikukopa, mama." Nikamweleza yote, sare, kidole, fomu, makuti. Alisikiliza bila kuniangalia. Ujiani punda walikuwa wanapita na magunia ya mchanga, yanakwaruza ukuta wetu, na mama akangoja mpaka wa mwisho apite.

"Ulitia saini?"

"Nilitia."

"Ulisoma?"

Sikumjibu. Naye hakurudia swali. Akanihadithia jambo nililokuwa nalijua tangu utotoni, lakini siku ile alilieleza kama ndiyo kwanza nalisikia: siku ya maziko ya baba, ilipotangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwa wanawe, alikuja mtu mmoja tu, fundi wa jahazi, kwa shilingi 40 za misumari. Aliona haya hata kuzitaja. Mama alimlipa kabla jeneza halijatoka mlangoni, kisha ndipo akalia.

Akainuka. Nilisikia kasha linafunguka ndani, kile kilio cha bawaba zake. Akarudi na leso iliyofungwa fundo, akaifungua polepole, na ndani yake mlikuwa na bangili yake ya harusi, ile iliyobaki.

"Kalipe. Watu hawa siwayui. Lakini sitaki wakungoje huko mbele."

Bangili nilimrudishia, kwa ugomvi. Kampuni nikaiandikia iniletee nakala ya mkataba, ikaleta: saini yangu pale chini, mkia wake umetoka nje ya kisanduku, na juu yake maneno kwamba marejesho yote ya miaka minne nawakatia fungu lao, hata nikiyaomba mwenyewe. Binamu yangu wa Leicester aliniambia nigome, nishtaki, niwaachie watume watu wao mpaka Lamu kama wanaweza. Labda alikuwa na haki. Kwa zile 704 hawakuandika hata mstari, na uchungu wa hilo ninao hadi leo. Lakini kila nilipomwona mama hali chakula vizuri, nguvu za kubishana zilinitoka. Nililipa kwa miezi mitatu.

Ndani ya mkataba ule mlikuwa pia na hati ya kuwahamishia wao haki ya marejesho yangu ya kodi. Hati za namna hiyo zinazosainiwa kuanzia 15 Machi 2023, Uingereza imezinyima nguvu. Yangu ilitangulia.

Nilipomaliza fungu la mwisho, mama aliuliza, "Wameridhika?"

Ilikuwa imekuja barua pepe ya mashine, mistari miwili: akaunti imefungwa, usijibu anwani hii. Mama hakujua Kiingereza. Nikashika simu mbele yake, nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu: wamesema wameridhika, wamekusamehe na wewe usumbufu wote.

"Alhamdulillahi," akasema. Usiku ule alilala kabla yangu.

Alifariki bila kujua barua ile ilisema nini. Jana, binti yangu ameshika kidole hewani ananingoja, nilivaa miwani nikakaa karibu naye. Nikamwambia arudi juu kabisa, tuanze kusoma.