Geuza chupa ya mafuta ya zeituni usome nyuma

Jamani, mnaonunua mafuta ya zeituni kwa bei hizi, someni lebo ya nyuma. Mimi natafuta kwanza tarehe ya mavuno, maana yanavyozidi kukaa ndivyo yanavyopoteza ladha. Kisha naangalia chupa: iwe ya kioo cheusi, au kopo, kwa sababu mwanga unayaharibu. Yaliyoandikwa extra virgin, yaani daraja la juu kabisa, hukamuliwa bila kemikali na asidi yake haizidi asilimia 0.8. Yale yaliyoandikwa light yamesafishwa kiwandani, kalori ni zile zile.

Chupa niliyofungua juzi imenifurahisha mno! Inanukia majani mabichi, na nilipoonja kijiko kimoja bila kuchanganya na chochote ikaniwasha kooni hadi nikakohoa. Muwasho huo ndio ninaoutaka. Yakinuka kama karanga za zamani, yameshachacha.

Kitunguu na nyanya nakaangia haya haya, moto wa wastani. Samaki wa kukaanga kwa mafuta mengi nawaachia mafuta ya alizeti. Lakini raha yake hasa ni mabichi: nilimwagia maharage ya kuchemsha, nikakamua ndimu, chumvi kidogo, watoto wakafuta sahani kwa mkate. Chupa yangu inakaa kabatini, mbali na jiko.