Gegedu la Goti la Mama

Mama alipoanza kushuka ngazi kinyumenyume huku ameshikilia ukuta, majirani walimwambia kwamba uteute wa magoti umekwisha, na kila aliyekuja kumjulia hali alimsisitiza ale bamia. Nami niliamini hivyo hadi daktari wa mifupa alipotuonyesha eksirei na kutueleza kuwa kilicholika ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili zisisagane.

Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, na seli zake ni chache mno, zimetawanyika katikati ya maji na nyuzi za kolajeni, aina ya protini. Ndiyo maana jeraha la ngozi hufunga kwa siku chache, ilhali gegedu likishaharibika halijiponyi, jambo ambalo daktari William Hunter alikwisha kuliandika London mwaka 1743. Halina mishipa ya fahamu pia, hivyo laweza kulika muda mrefu kabla mtu hajahisi chochote.

Kituo kimoja kilitushauri mama achomwe sindano za plazima (majimaji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, kikiahidi kwamba gegedu lingeota upya. Ahadi hiyo iliniuma, kwa sababu tulikuwa tayari kuuza ng'ombe. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa 288 wenye tatizo hilo la goti, ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 sindano hizo hazikupunguza maumivu wala kulinda gegedu kuliko sindano za maji ya chumvi.

Sisemi kwamba kuotesha gegedu ni ndoto. Huko Gothenburg, Uswidi, madaktari Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walichukua seli za gegedu za wagonjwa, wakazikuza maabara na kuzirudisha gotini, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 23. Lakini hao walikuwa na kidonda cha mahali pamoja, si goti lililochakaa lote kama la mama.

Yeye alipewa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kushauriwa apunguze uzito, kwa kuwa kila kilo inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Gegedu halijarudi, na daktari hakutuahidi kwamba litarudi. Siku hizi mama huenda sokoni na kurudi kwa miguu yake.