Vyumba vya kupangisha au hisa?

Ndugu zangu mnaouliza pesa ya kiinua mgongo muiweke wapi: mimi nina vyumba Mbagala na hisa za benki kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Vyumba vinalipa, hasa mpangaji akitoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ila masika haya shimo la choo lilijaa, gari la majitaka likashindwa kupita uchochoroni, na mpangaji mmoja akahama usiku akaniachia deni la maji. Kodi ya chumba chake yote iliishia hapo.

Gawio la hisa, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, huingia benki likiwa limeshakatwa kodi ya serikali asilimia 5. Kwenye pango, kodi hiyo ni asilimia 10. Tatizo, gawio mara nyingi ni mara moja kwa mwaka, na kampuni isipopata faida huenda usione kitu.

Kwa mstaafu anayetaka hela ya kula kila mwezi, bado nasema vyumba kwanza. Wewe mwenye mshahara, nenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni, fungua akaunti, nunua kidogo kidogo. Ukiuguliwa, unauza hisa chache tu. Nyumba huwezi kuuza dirisha.