Shikamoo Iliyokosa Marahaba

Jumamosi hii nimekaa kibarazani na daftari la mpwa wangu mapajani, nikifuta kwa kifutio sentensi niliyoiandika mwenyewe, ambayo juzi imemliza mtoto. Ana miaka 9, ana usonji, na anasoma vizuri kuliko anavyozungumza. Tena hulichukua kila neno kama lilivyo, hivyo ukimwambia akusubiri dakika moja atahesabu hadi sitini, kisha atakuja kukudai.

Kisa chenyewe ni salamu. Huku kwetu Lindi mtoto asiyeamkia wakubwa huhesabiwa kuwa hakufunzwa, na lawama humwendea mama yake, kisha hunijia mimi mjomba, maana malezi ya mtoto wa dada yangu nami nina sehemu yangu. Mwalimu wake aliponieleza namna ya kumwandikia mtoto mwenye usonji hadithi fupi za kumfafanulia hali za kijamii, nilishika kalamu siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Carol Gray, aliyekuwa mwalimu katika jimbo la Michigan, Marekani, na ukiitazama harakaharaka unaiona nyepesi: kurasa chache, zinazomhusu mtoto huyu na si mwingine, zinazosimuliwa kwa "mimi" au kwa jina lake, pamoja na picha za mahali anapopajua.

Nilipiga picha za kivuko cha kwenda Kitunda, nikazibandika, nikaandika: "Ninapokwenda kivukoni ninakutana na watu wazima. Lazima niseme shikamoo. Mtu mzima atajibu marahaba. Kisha ninaendelea na safari." Tuliisoma kila asubuhi, na kwa siku nne mambo yalikwenda vizuri hata dada akanipikia pweza wa nazi.

Siku ya tano, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu karibu na kivuko hakuitikia. Mpwa wangu akarudia. Akarudia tena na tena, sauti ikipanda, kiganja kikipigapiga paja, kwa kuwa katika hadithi yetu hapakuwa na ukurasa wa kuondoka kabla ya marahaba. Mzee alipoinua kichwa alidhani anafanyiwa mzaha, akafoka. Mama mmoja akanong'ona kuwa mtoto ana mashetani. Na kivuko kikang'oa nanga sisi tukiwa bado ufukweni.

Usiku niliyarudia maelezo ya mwalimu, nikaona nilichokiruka. Sentensi za kueleza zinatakiwa ziwe angalau mbili kwa kila moja ya kuelekeza. "Lazima" haitakiwi kabisa. Na maneno kama "mara nyingi" na "huenda" si pambo, bali ndiyo yanayoifanya hadithi iwe kweli kwa msomaji anayeshika kila neno. Mimi nilikuwa nimeandika amri nikaivika kanzu ya hadithi, tena, nikisema kweli, nilijiandikia mwenyewe ili nisisemwe barazani. Jandoni tulifundishwa kutenda kwanza, sababu tutaijua ukubwani, na wengi wetu tulipita hivyo bila shida. Huyu hawezi kupita hivyo, na katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini watu huamkiana.

Sasa ukurasa unasema hivi: "Watu wazima wengi hufurahi kuamkiwa, kwa sababu wanajua kwamba nimewaona na ninawaheshimu. Mara nyingi huitikia marahaba. Wakati mwingine mtu haitikii. Huenda hakusikia, huenda ana kazi. Hilo si kosa langu. Nikishasema shikamoo mara moja, ninaweza kuendelea na safari." Nimeongeza pia hadithi isiyofundisha lolote jipya, ya kumpongeza tu kwa jinsi anavyowapisha kina bibi wenye makapu wapande kwanza; mwalimu alisisitiza kuwa angalau nusu ya hadithi ziwe za namna hiyo, nami nilikuwa sijaandika hata moja.

Ametoka kuoga, amelichukua daftari bila kuniomba, akasoma mara mbili akifuata mistari kwa kidole. Kisha amechukua penseli, na chini ya maneno "huenda ana kazi" ameandika kwa herufi kubwa: ANASHONA WAVU.