Kipanya kimeacha kumeza barabara

Hatimaye! Jana usiku, ndani ya gemu la GTA San Andreas, nimeendesha kipanya changu kutoka Grove Street hadi ufukwe wa Santa Maria, nikageuza, nikarudi, na lami haikupotea hata mara moja. Wiki tatu zimeniishia hapa.

Kwa aliyesahau: ni ile Hiace ya Mbagala–Kariakoo niliyoiweka kwenye gemu mahali pa Rumpo, gari lake namba 440. Modeli ilikwisha mapema, taa zinawaka, milango inafunguka (ule wa abiria unafunguka kama wa kabati badala ya kuteleza, niacheni kwanza). Tatizo lilikuwa moja tu. Kipanya kikitokea, dakika mbili nyingi, majengo yanageuka ukungu, kisha barabara inatoweka na gari linazama chini ya mji.

Nikadhani ni wingi wa magari. Nikayapunguza, wapi. Nikaongeza namba ya memory kwenye stream.ini, faili la mipangilio ya gemu, wapi. Nikaigeukia kompyuta yenyewe, maana ina RAM ya GB 4 na kadi ya picha haina, ile ya ndani inajimegea humo humo. Nilishaanza kuulizia bei ya RAM.

Kilichonizindua ni kubaki na kipanya kimoja mji mzima na lami bado ikaondoka. Vipanya kumi vinatumia TXD moja (faili la picha zinazovikwa gari), kwa hiyo idadi haina neno, uzito uko kwenye faili lenyewe. Nikalifungua kwa programu ya Magic.TXD: tekscha, yaani picha hizo, mbili za 2048 kwa 2048, biti 32, hazijabanwa. Piga hesabu. MB 16 kila moja, jumla 32, bado mipmap, zile nakala ndogo za kuonekana kwa mbali. PlayStation 2, ambako gemu hili lilianzia mwaka 2004, RAM yake kuu yote ni MB 32. Nilikuwa nimepakia PlayStation nzima kwenye Hiace moja na konda anasema bado kuna nafasi.

Sasa kwa nini nilizifanya kubwa hivyo? Kwa sababu ya kioo cha nyuma: SI LANGU, NI LA BOSI. Herufi nyekundu, ukingo wa njano. Nikishusha hadi 1024 na kubana kwa DXT1, njia ya kupunguza uzito wa picha, maandishi yanaliwa kingo kama yameandikwa kwa mkaa. DXT1 inahifadhi rangi mbili tu kwa kila kiboksi cha pikseli 4 kwa 4, zinazobaki inazikisia katikati yake. Nyekundu, njano na weusi wa kioo kwenye kiboksi kimoja, lazima vurugu.

Dawa: nimeyatoa maandishi kwenye bodi, nikayapa kibati chake chembamba juu ya kioo na tekscha yake ya 512 kwa 64, haijabanwa. KB 128. Zile kubwa sasa ni 1024 za DXT1, KB 512 kila moja. Kutoka MB 32 hadi moja na kidogo! Mwanzoni kibati kilimetameta kwa kugombania nafasi na kioo, nikakivuta nje kama sentimita moja, kikatulia.

Blender yangu, programu ya kuchongea modeli, ni toleo la 2.79 na sihami. Kuanzia 2.80 wanataka OpenGL 3.3 (mfumo wa programu kuchorea picha kwenye kadi), na mashine hii haina. ZModeler, ya kupeleka modeli kwenye gemu, ina sura ya fomu ya benki lakini DFF, faili la umbo la gari, inatoa safi. Kinachochosha ni kwamba Blender na gemu haviwezi kukaa wazi pamoja, kwa hiyo kila jaribio ni funga hiki, fungua kile, kanywe maji, rudi.

Ramani ya Euro Truck, gemu jingine, nimeifuta kupisha nafasi kwenye diski. Na handling.cfg niliyoahidi, faili la mwendo wa magari, ili kipanya kiyumbe kama kimejaza, itasubiri, kwa sababu wakati nasubiri gemu lifunguke nilichungulia american.gxt, faili la maneno ya gemu, na sasa natafsiri maandishi yote. Wasted, linalotokea ukifa, imekuwa UMEKWISHA. Busted, la polisi wakikukamata, bado inanitesa kati ya UMEDAKWA na TWENDE KITUONI.