Kizuka na Barua ya Dakar

Jana jioni jirani yangu alitoka eda ya kufiwa na mumewe, na harufu ya udi ilipopenya chini ya mlango wangu niliacha kazi niliyokuwa nikiifanya, nikakaa kitini kama mgeni katika nyumba yangu mwenyewe. Udi ule ulinirejesha nyumbani kwa shangazi, Kibokoni, katika ile miezi minne na siku kumi ambayo chetezo kilikaa juu ya kabati kikishika vumbi, naye akilala mapema bila wanja, bila hina, bila hata zile asmini ambazo marehemu alikuwa akimletea kila Alhamisi.

Nilikuwa mwanafunzi wa fasihi, nimepelekwa kulala kwake ili asiwe peke yake. Mkobani nilikuwa na riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka Dakar mwaka 1979 kwa Kifaransa nasi tukiisoma kwa Kiingereza. Yote ni barua moja ndefu: Ramatoulaye, mjane mwenye watoto 12, yumo ndani ya eda na anamwandikia shoga yake Aissatou. Wote wawili walikuwa wameolewa na wanaume waliowaletea wake wenza wadogo. Aissatou aliacha barua ya kuaga akaondoka na wanawe wanne, Ramatoulaye akabaki. Insha yangu, ambayo nusu yake ilikuwa tayari, ilikuwa imekwisha kumhukumu huyu aliyebaki. Nilimwita mwoga, ila kwa maneno marefu zaidi.

Usiku mmoja shangazi aliniuliza ninasoma kitu gani kinachonikunjisha uso. Nilipomwambia kuwa ni kizuka, mjane aliye edani, anayeandika barua, aliinuka akaegemea mto.

“Nisomee nami.”

Nikawa ninamfasiria papo kwa papo, kurasa chache kila usiku, nikikwama kwenye maneno ambayo darasani nilijidai ninayafahamu. Aliposikia kuwa mke mdogo alikuwa rafiki wa binti wa nyumba ileile, aliguna tu. Aliposikia kuwa Aissatou alimnunulia mwenzake gari, Fiat 125, alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. “Shoga wa kukununulia gari! Mimi wangu hata sufuria yangu ya biriani hajanirejeshea.”

Kisha tukafika kwa Tamsir, ndugu wa marehemu, anayeingia chumbani baada ya hitima ya arubaini akiwa na imamu na rafiki mmoja, akamtangazia mjane kwamba eda ikimalizika atamwoa. Ukurasa ule nilikuwa nimeupigia mistari kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa ndipo Ramatoulaye anapofungua kinywa baada ya miaka 30 ya kunyamaza, na sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda. Shangazi aliinua mkono.

“Hebu rejea hapo. Huyo mke ametoka eda?”

“Bado, Shangazi.”

“Na imamu yupo?”

“Yupo, amekaa nao.”

Alijivuta leso kichwani kana kwamba wale wanaume watatu wameingia chumbani mwetu. “Posa inatamkwa waziwazi kwa kizuka, na imamu amekaa! Kudokeza kuna ruhusa, mwanangu. Kutamka hakuna. Na huyo mwandishi alilijua hilo; ndiyo maana akamketisha imamu hapo.”

Niliutazama ukurasa wangu. Mistari myekundu ilikuwa imejaa kila mahali, isipokuwa chini ya neno imamu.

Nikasoma yaliyobaki, jinsi Ramatoulaye alivyomkatalia shemeji yake mbele ya watu. Shangazi alisikiliza uso wake ukielekea dirishani. Chini, katika kichochoro, muuza kahawa alikuwa akipita akigonganisha vikombe, na hadi sauti ile ilipopotelea upande wa Ngomeni hakuna aliyesema neno.

“Yeye amepata wa kumwandikia,” alisema hatimaye. Halafu, kama mtu anayehesabu mabaki ya sukari: “Hapa wamekuja wawili. Wala hakuna aliyengoja arubaini.”

Akaniambia nizime taa.

Sikuuliza ni kina nani. Nilijiambia kuwa ni adabu, kwamba mtoto hamhoji shangazi yake, ingawa siku hizi ninashuku kwamba nilichelea kulisikia jina ninalolijua. Hadi leo, katika kila harusi ya ukoo, ninapoletewa mkono na wale wazee waliokuwa wakiingia na kutoka nyumbani mle, huwa ninahesabu bila kutaka.

Insha niliikabidhi wiki ile karibu kama ilivyokuwa, kwa sababu siku zilikuwa zimekwisha na sikujua ningeanzia wapi kuibomoa. Nilipata 17 kwa 20. Mwalimu alisifu uthabiti wa msimamo wangu.

Jirani yangu jana alikuwa na wageni wengi, nami niliwasikia kupitia ukutani. Katika eda yake yote nilikwenda kumwona mara moja, siku ya tatu, pamoja na watu wengine. Bakuli alilonipelekea kaimati katikati ya Ramadhani bado liko juu ya friji yangu, limeoshwa.