Mkasi wangu ulipanda ndege

Mimi ni fundi cherehani, Mbuyuni, Moshi. Desemba iliyopita, Wachaga tunaporudi nyumbani "kuhesabiwa", shemeji anayeishi Marekani alishuka na mkasi niliomwagiza aninunulie Amazon, duka la mtandaoni la huko. Unapita kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne bila kukwama.

Nikaona aibu kupita kwa mzee anayeniuzia uzi na zipu. Yeye hunikopesha hadi mteja alipe. Bezos, mwanzilishi wa Amazon, hanikopeshi hata sindano.

Halafu nikasoma. Mwaka 2021 kampuni ile ilikana kuwa wafanyakazi wake hukojoa kwenye chupa, kisha ikaomba radhi na kukiri kuwa madereva yanawakuta. Mwaka 2022 wafanyakazi wa ghala lake la Staten Island, New York, wakapiga kura kuunda chama chao. Nilisoma hayo mkasi uko mkononi.

Nimeurudisha? Wapi! Naukatia hadi leo. Mikasi ya hapa mjini nayo, tusidanganyane, mingi hupoteza makali kabla ya Pasaka, na sijawahi kuuliza aliyeitengeneza alilipwa nini.

Juzi shemeji kauliza aniletee nini mwaka huu. Nimemwambia aje na watoto tu.